Pikipiki ya Lushoto: aliyeikodisha hakuwa mwenyewe

Wahusika ni watatu, na majina yao nayaacha. Wa kwanza ni mhasibu wa Dar es Salaam aliyepanda Lushoto kupumzika siku za sikukuu, nitamwita msafiri. Wa pili ni kijana wa bodaboda anayepaki karibu na stendi. Wa tatu ni mwalimu mstaafu ambaye hakuwapo kabisa wakati wenzake wanaelewana bei, na kutokuwapo kwake ndiko kulikozaa mgogoro. Shauri lililetwa kwangu na upande wa msafiri likiwa limeshachacha. Baadaye nikazungumza na wale wengine wawili. Ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo wote wanakubaliana, na wanapopishana nitasema.

Msafiri alitaka kufika Mtae. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni lami, kilomita 33 za kona juu ya kona kupitia Soni, na magari yanapanda mchana kutwa. Ukishapita Magamba ukaelekea Lukozi, na kutoka hapo hadi Mtae kwenye ukingo wa milima, ambako ukitazama chini unaiona nyika ya Mkomazi imetandazwa, mambo yanabadilika: lami inaisha njiani, magari yanapungua, na ukikosa la asubuhi unaweza kushinda umekaa. Angeweza kubebwa na bodaboda kwenda na kurudi. Hakutaka. Alitaka kuendesha mwenyewe, asimame anapopenda. Mhudumu wa nyumba ya wageni akampigia simu kijana anayemfahamu, na ndani ya nusu saa Boxer ya cc 150 ikawa mlangoni.

Waliafikiana 25,000 kwa siku, siku mbili, mafuta juu ya msafiri. Alilipa 50,000 yote kwa M-Pesa. Kijana akaomba kitambulisho cha NIDA kibaki kwake kama dhamana, akapewa. Hapakuandikwa kitu na hapakupigwa picha ya chombo. Msafiri aliizunguka pikipiki, akaona tairi la nyuma limeanza kuwa kipara, akauliza. "Hilo lina miezi bado, kaka," akajibiwa, na funguo zikabadilishana mikono.

Siku ya kwanza alikwenda Irente akarudi salama. Siku ya pili alifika Mtae, na alikuwa anarudi jioni, manyunyu yameshapita, alipokutana na mteremko mrefu kabla ya Lukozi. Anasema alikanyaga breki ya nyuma ikawa laini, akakanyaga tena pedeli ikashuka hadi mwisho bila kushika. Akabana ya mbele kwenye kona yenye kokoto na utelezi, gurudumu la mbele likaponyoka. Yeye alichubuka goti na kuvimba kifundo cha mkono. Hakumgonga mtu wala mbuzi. Pikipiki ndiyo iliyoumia: shokapu za mbele zilipinda, taa ikapasuka, saiti mira zote mbili na leva ya klachi zikavunjika, na kava la injini likapata ufa likaanza kuvuja oili. Fuso la kabichi likampakia yeye na chombo hadi mjini kwa 40,000.

Hadi hapo ni ajali ya kawaida, ya kumalizwa na fundi na pochi. Ila kesho yake asubuhi, msafiri alipofika kijiweni kuelewana na kijana juu ya matengenezo, alimkuta mzee amesimama kando ya pikipiki akiwa na kadi ya usajili mkononi.

"Mimi pikipiki yangu sijamkodishia mtu," mzee akasema. "Huyu nilimpa abebe abiria. Wewe umeipataje?"

Msafiri akamwamkia, akasema alikodi kwa kijana na amelipa. Kijana, ambaye alikuwa anatazama chini, akatamka neno lililobadili kila kitu: "Nilimwazima tu, Mwalimu. Kama mgeni."

Wengi wanaokodi pikipiki kwa mtu binafsi huku Bara hawakodi kwa mwenye chombo. Bodaboda nyingi ziko kwenye mkataba. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anamletea hesabu, yaani kiasi walichopatana, kila siku, na baada ya muda waliopatana kadi inahamishiwa kwa kijana. Hapa hesabu ilikuwa 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi kumi na tano, na kijana alikuwa kwenye mwezi wa tisa. Kwa macho ya mtaa pikipiki ilikuwa yake: anailaza kwake, anaifanyia sevisi, stika za kiongozi wa dini na timu ya mpira kabandika yeye. Kwenye kadi na mbele ya sheria ilikuwa bado ya mwalimu. Na karatasi yao ya mkataba, ambayo niliiona, ilikuwa na mstari unaosema chombo kisitolewe kwa mtu mwingine bila ruhusa.

Ndiyo maana kijana alisema ameazima. Kukodisha ilikuwa kuvunja mkataba waziwazi, na miezi tisa ya hesabu ingeweza kuyeyuka. Kuazima kungesikika kama ukarimu wa kijinga. Simlaumu sana kwa woga wake, lakini uongo ule ulimweka msafiri pabaya mno. Mwalimu alikuwa ameshaanza kusema ataripoti wizi, na kwa upande wake haikuwa vitisho vya bure. Mtu asiyemjua, mwenye pikipiki yake, hana karatasi yoyote, na aliyempa anakana kupokea pesa: askari gani angeanza kwa kumwamini mgeni?

Kilichomwokoa ni ujumbe wa M-Pesa. 50,000, jina la kijana kamili, tarehe, na saa ile ile ambayo mhudumu wa nyumba ya wageni anakumbuka pikipiki imefika. Msafiri alimwonyesha mwalimu, mwalimu akausoma mara mbili na kumgeukia kijana. Neno wizi halikutajwa tena. Laiti angelipa taslimu, kama wanavyofanya wengi ili kukwepa makato, sijui angejitetea kwa kipi.

Pesa ile ilikuwa na uzito mwingine ambao hakuna aliyeuona pale kijiweni. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, ina sehemu inayohusu mali iliyowekwa mikononi mwa mtu mwingine kwa muda, na inatofautisha aliyetoa bure na aliyetoa kwa malipo. Aliyekuazima bure anawajibika kwa kasoro alizozijua akanyamaza. Aliyekukodisha anawajibika kwa kasoro za chombo hata kama hakuzijua. Kwa hiyo breki mbovu, ikithibitika, inamrudia aliyepokea 50,000, asiweze kujificha nyuma ya "sikujua". Upande wa pili, anayekabidhiwa mali anatakiwa kuitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake. Akifanya hivyo, hasara isiyotokana na uzembe wake si yake, isipokuwa kama aliahidi vinginevyo. (Haya ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, na anayekodi kule aulize ya kule.)

Hivyo kisa kizima kikabaki kwenye maswali mawili: breki ilikuwaje, na msafiri aliendeshaje?

La kwanza lilijibiwa na fundi ambaye pande zote zilimkubali. Akafungua ngoma ya nyuma mbele ya watu. Brekishuu zilikuwa zimelika hadi kukaribia bati. Akaonyesha na kitu kingine, ambacho ningependa kila anayekodi pikipiki akijue kwa sababu hakihitaji spana: nati ya kurekebishia breki, ile iliyo mwisho wa fimbo inayotoka kwenye pedeli, ilikuwa imekazwa hadi mwisho wa uzi. Nati ikifika pale, maana yake breki imekazwa na kukazwa na hakuna tena pa kukaza. Brekishuu zimekwisha. Ni jambo la kuinama na kutazama, sekunde chache. Msafiri alitazama tairi, akauliza kuhusu tairi, na tairi halikuhusika.

La pili lilijibiwa na msafiri mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiwe, aliyekuwa anasuluhisha, alimwuliza swali moja: "Ulishuka na gia ya ngapi?"

"Niliweka frii."

Kijiwe kikaguna. Mtu anayeishi kwenye milima ile anajua kwamba mteremko mrefu unashukwa na gia, mbili au tatu, injini ikizuia na breki ikisaidia. Ukiweka frii uzito wote unaangukia breki. Breki ya ngoma ikipigwa muda mrefu inapata moto na moto unaifanya isishike. Brekishuu zile zilikuwa zimechoka, ndiyo, lakini zilikuwa zimembeba kijana kila siku kwenye milima hiyo hiyo. Msafiri alijifunzia pikipiki Dar, ambako mteremko mrefu ni wa daraja. Sidhani kama alifanya uzembe wa makusudi. Hata hivyo mwenye busara ya kawaida, akiwa na chombo asichokizoea kwenye barabara asiyoizoea, angeuliza.

Kumbuka pia kwamba hapakuwa na mtu pale aliyetaka polisi, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Hili ndilo lililonifunza zaidi kuhusu ukodishaji wa namna hii, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Msafiri alikuwa na leseni halali, na kwenye leseni yake kulikuwa na daraja D la gari na daraja A1. Alidhani pikipiki ni pikipiki. Daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125. Boxer ya cc 150 inadai daraja A. Kwa hiyo kisheria alikuwa anaendesha chombo kisicho kwenye leseni yake. Kijana naye alikuwa na bima ndogo iliyokwisha muda siku kadhaa nyuma, stika ikiwa bado imebandikwa kama pambo. Na pikipiki ilikuwa na faini mbili za barabarani ambazo hazijalipwa. Faini ya pikipiki ni 10,000 tangu ilipopunguzwa kutoka 30,000 mwaka 2021, si pesa ya kumtoa mtu roho, ila deni linafuata namba ya usajili, na anayesimamishwa nalo ni yule aliyekaa kwenye siti wakati huo. Mwalimu kwa upande wake hakutaka kuulizwa kwa nini chombo chenye jina lake kilikuwa barabarani bila bima.

Yote haya yangeweza kuonekana kabla. Namba ya usajili peke yake inatosha kuangalia uhai wa bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na madeni ya faini kwenye mfumo wa trafiki wa polisi, na vyote viwili vinafunguka kwenye simu yenye intaneti. Msafiri angeweza kufanya hivyo akiwa amekaa kwenye varanda anasubiri pikipiki ifike. Kadi je? Angeomba aione, angekuta jina lisilofanana na la kijana, na angeuliza swali ambalo lingemfikisha kwa mwalimu kwa simu ya dakika mbili.

Kuhusu bima, hata ingekuwa hai isingemsaidia. Bima ndogo ni ya wale utakaowaumiza. Haitengenezi pikipiki uliyoiangusha wala haitibu goti lako. Tena bima ya bodaboda imeandikwa kwa kazi ya kubeba abiria, dereva akiwa mwenye leseni inayofaa. Kumpa mgeni aendeshe mwenyewe kwa malipo ni matumizi mengine, na kampuni ya bima inapotafuta sababu ya kutolipa huanzia hapo hapo. Kama angemgonga mtoto Lukozi, tungekuwa tunazungumza kisa kingine kabisa, chenye PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), mahabusu, na familia inayodai fidia kwa watu watatu ambao hakuna mwenye bima.

Sasa pesa. Mwalimu alidai 850,000: 430,000 za matengenezo, 200,000 za hesabu ya siku ishirini, na 220,000 kwa sababu pikipiki "imeshuka thamani". Fundi, baada ya kuhesabu kitu kimoja kimoja, alitoa 272,000: shokapu mpya 120,000, kava la injini 60,000, taa 35,000, oili 12,000, saiti mira 10,000, leva 5,000, na ufundi 30,000. Tofauti kati ya 430,000 na 272,000 haikuwa wizi. Mwalimu alikuwa amemwuliza fundi mwingine kwa simu, akamwelezea ajali kubwa kuliko ilivyokuwa. Ndiyo faida ya kukaa na fundi mmoja mbele ya chombo chenyewe.

Hesabu ya siku ishirini ilikuwa dai dhaifu. Fundi alisema kazi itachukua siku tano. Na hesabu ni deni la kijana kwa mwalimu, msafiri hayumo kwenye mkataba ule na hakujua kama upo. Isitoshe, hesabu haikupotea, ilisogea tu. Nilipomweleza mwalimu hivyo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitamwongezea siku tano mwisho." Aliyepoteza kweli siku hizo tano ni kijana, kile kinachobaki mfukoni baada ya hesabu na mafuta, na hakuna aliyelitaja hilo, hata yeye mwenyewe, maana alikuwa hana uso wa kudai. La kushuka thamani liliachwa baada ya fundi kusema vifaa vinavyoingia ni vipya na vinavyotoka vilikuwa vimechakaa.

Zikabaki 272,000 za kugawana. Mwenyekiti akasema msafiri alipe 200,000 na kijana 72,000 kwa ajili ya breki. Msafiri akalipa.

Mimi nisingegawa hivyo. Brekishuu zilizokwisha si jambo la pembeni. Chombo kilichokodishwa kwa pesa kilikosa kitu cha kwanza kinachotakiwa kiwe nacho, na sheria inamwelekea aliyekodisha hata kama hakujua. Ningeona nusu kwa nusu ni haki, na frii ndiyo inayomzuia msafiri kushuka chini ya hapo. Lakini msafiri alilipa kwa sababu ambayo haikuhusu breki wala frii: kitambulisho chake kilikuwa mfukoni mwa kijana, basi lake lilikuwa kesho yake alfajiri, na kazini alikuwa anahitajika. Aliyeshika kitambulisho ndiye aliyekuwa na mizani. Pesa ya dhamana, hata laki moja, ingemweka pazuri zaidi, kwa kuwa mnabishana juu ya kiasi kinachojulikana huku kila mtu akiwa huru kuondoka. Nakala ya kitambulisho au picha yake kwenye simu inamtosha mkodishaji kumjua mtu. Kitambulisho chenyewe hakina sababu ya kulala kwa mtu baki.

Na mwalimu alitoka mwepesi mno. Hakulipa chochote, ilhali chombo chake kilikuwa kinabeba abiria bila bima. Kwenye mkataba wao sevisi na matairi ni ya kijana, sawa, lakini bima ilikuwa imeandikwa kuwa ya mwenye chombo. Mwenyekiti hakuligusa, na sidhani kama kuna mwenyekiti wa kijiwe angemwambia mstaafu aliyemfundisha darasa la nne kwamba naye ana kosa.

Nimeulizwa na msafiri karatasi gani ingemsaidia. Haihitaji mwanasheria. Iandikwe kwa kalamu: namba ya usajili, jina lililo kwenye kadi, na kama anayekodisha si huyo, basi namba ya simu ya mwenye kadi na neno kwamba amepigiwa akakubali. Bei na siku. Kilomita zilizo kwenye dashi na mafuta yaliyomo. Kisha sentensi mbili ambazo watu huona aibu kuzitaja wakiwa bado wanacheka: chombo kikiharibika chenyewe gharama ni za nani, na kikianguka gharama ni za nani, kwa fundi atakayekubaliwa na wote. Video ya dakika moja ya kuizunguka pikipiki, ikipita kwenye breki, tairi, taa na stika ya bima, itumwe kwa WhatsApp kwa yule anayekodisha hapo hapo, ili tarehe yake isibishaniwe. Na kabla ya kalamu kushikwa, leseni itazamwe daraja. Kama daraja halipo, njia iliyobaki ni kumpakia kijana aendeshe yeye na kumlipa siku yake. Inagharimu zaidi, picha utapiga vilevile.

Kijana hakufukuzwa. Mwalimu aliandika upya ule mstari wa mkataba: anaruhusiwa kukodisha chombo akimpigia kwanza, mgeni akionyesha leseni yenye daraja A, dhamana ya 100,000 ikiwekwa kwa mwalimu mwenyewe, na 5,000 ya kila siku ikienda kwa mwalimu juu ya hesabu. Zile 72,000 kijana anazilipa kidogo kidogo. Bima ndogo imekatwa upya, ya kubeba abiria kama zamani. Kumkodishia mtu aendeshe mwenyewe hakumo ndani yake, na nilipomwuliza mwalimu kuhusu hilo alisema ataulizia akishuka Tanga.